Kikapu cha Alhamisi iliyopita nacho hakina jina

Hii niliiongea Jumamosi iliyopita kwenye ukumbi wa kata, mbele ya vikundi vya kazi za mikono vya hapa Dodoma mjini na wenzetu waliotoka Mvumi, Bahi na Chamwino. Wengi mmeniomba niiandike, basi nimeiandika vilevile nilivyoongea, na pale nilipopotea njia nimeacha hivyohivyo. Nilianza na salamu yetu ya Kigogo, mbukwenyi.

Mbukwenyi! Ah, hiyo ni sauti ya watu waliokunywa uji tu. Mbukwenyi! Haya, hapo sawa. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, mwenyekiti wa mtaa shikamoo baba, wadogo zangu mambo vipi. Nimepewa dakika 20, na mshereheshaji kashaniambia akinyanyua kile kitambaa chekundu nimalize, ila mi kile kitambaa nakijua vizuri, kanunua kwangu kwa mkopo na hajamaliza kulipa, kwahiyo leo tutaheshimiana.

Mada niliyopewa imeandikwa kwenye karatasi hapa, "namna ya kufikisha sanaa za mikono kwa jamii". Kubwa hiyo. Mi sanaa sijasomea, mi ni fundi cherehani na nauza vitenge Majengo sokoni, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mi na wenzangu 12 tunatandika mikeka chini ya mwarobaini, tunapanga kazi zetu na za watu wa vijijini, vibuyu, vyungu, vikapu, nyungo, vigoda, shanga, watu wanapita wanaangalia, wanashika, wanauliza maswali mengine ya ajabu, anayetaka ananunua na asiyetaka anaenda zake. Elimu yangu yote ndio hiyo. Kwahiyo sitawafundisha mtu hapa, ntawasimulia tuliyoyaona, na kuna jambo moja limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitoa.

Nianzie mbali kidogo, nianzie Kolo.

Mwaka juzi tulichanga tukaenda Kondoa na watoto wetu, tukapanda basi asubuhi, siku hizi lami tupu mpaka Babati sio ile adhabu ya zamani. Ukifika Kondoa unasonga mbele tena mpaka Kolo, unapata mwongozaji pale ofisi ya mambo ya kale, afu mnapanda mlima. Nyie mliowahi kupanda Mungomi mnajua, magoti yanakudai. Mkifika juu mnakuta mwamba umejiinamia kama paa la nyumba, na chini yake ukutani kuna michoro. Twiga. Pofu. Watu warefu wembamba kama vijiti, vichwa vyao vina nywele za mitindo ambayo hata saluni za Area C hawajaiwaza. Wengi wamechorwa kwa rangi nyekundu ya udongo, hiyo ndio ya zamani zaidi, kuna na michoro ya rangi nyeupe, ile inasemekana ni ya baadaye, ya wakulima waliokuja na ng'ombe na majembe. Mama mmoja mtafiti, Mary Leakey, alikuja na familia yake mwaka 1951 wakazunguka ile milima wakahesabu maeneo 186 yenye michoro, na mpaka leo hayajaisha kuhesabiwa, wanakadiria yanaweza kufika 450. Mwaka 2006 UNESCO wakayaingiza kwenye Urithi wa Dunia. Dunia nzima inajua Kolo ipo, sisi wa hapa kuna mtu kazaliwa Dodoma kazeekea Dodoma hajawahi kufika. Simsemi mtu, mwenyewe nilikuwa hivyo mpaka mwaka juzi.

Sasa mwanangu wa mwisho, ana miaka 7, akamuuliza mwongozaji, "Babu, hii nani kachora?" Yule mzee akaeleza vizuri kabisa, akataja wawindaji wa zamani, akataja Wasandawe, akaeleza rangi ilivyotengenezwa. Mtoto akasubiri akamaliza, akauliza tena, "Sawa, ila anaitwa nani?" Yule mzee akacheka, akamwambia mjukuu wangu jina lake hatulijui.

Mi nikakaa kwenye jiwe nikawaza. Huyu wa mwambani tumsamehe, kachora maelfu ya miaka iliyopita, hakukuwa na kalamu, hakukuwa na karatasi, hata sisi wenyewe hatukuwepo kumuuliza. Lakini kile kikapu nilichoacha nyumbani juu ya kabati, kimesukwa Alhamisi iliyopita, aliyesuka yuko hai, ana simu, namba yake ninayo, na chenyewe nacho hakina jina. Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi ningekitandika mkekani mtu angeniuliza hiki nani kasuka ningemjibu nini? Ningemjibu "wamama wa Mvumi". Wamama wa Mvumi! Kama vile Mvumi nzima wamekaa duara wanasuka kikapu kimoja.

Hilo ndio lililonikaa kooni. Tunapeleka kazi kwa watu, mtu mwenyewe tunamwacha nyumbani.

Na msidhani nalaumu wengine, ngoja niwape yaliyonikuta. Miaka kama sita imepita, nilipata oda ya vikapu 20 kwenye duka moja kubwa la mapambo, sio hapa, mjini Dar, duka lenyewe sitalitaja. Nikakusanya kwa shangazi na wenzake, nikapakia kwenye basi, nikatuma. Wakalipa vya kwanza 12, vile nane kila nikipiga simu naambiwa bosi kasafiri, yule bosi kasafiri mpaka leo. Sawa, hela ni hela, inauma inapoa. Sasa mwaka jana mteja wangu mmoja ananionyesha picha kwenye simu, ananiambia dada ona vikapu vizuri hivi, vinauzwa nje huko, ungenitafutia kama hiki. Naangalia, nakitambua. Unajua nilikitambuaje? Kile kikapu shangazi alipokuwa anakisuka rangi nyekundu ilimwishia njiani, ule mstari mwekundu ukaenda nusu ukakatika, akamalizia na rangi ya nyasi tupu, akaniambia mwanangu utanisamehe hiki kina kovu. Ndio chenyewe, na kovu lake lilelile. Pembeni kimefungwa kilebo kizuri cha karatasi ngumu, kimeandikwa kizungu, maana yake "kimetengenezwa kwa mikono, Afrika".

Afrika! Yani bara zima, kutoka Cairo mpaka Cape Town, wamekaa wakasuka kikapu cha shangazi yangu.

Nilimwonyesha shangazi ile picha. Nilidhani atakasirika kama mimi. Akaivuta simu karibu na macho, akaangalia, akasema, "Ona, kumbe ile nusu imependeza." Basi. Akarudisha simu. Mi ndio nililia, yeye aliendelea na kazi yake.

Sasa watu wananiambia we dada unakuza mambo, jina kwenye kikapu litamsaidia nini mnunuzi, yeye anataka kuwekea mkate. Haya tuliangalie hilo, maana sio swali la kijinga.

Mnamjua Hukwe Zawose? Mikono juu. Wazee wote, vijana watatu, hmm. Mzee Zawose ni wa hapahapa, kazaliwa Doduma mwaka 1938, Mgogo, mwanamuziki wa ilimba, ile ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na izeze ya nyuzi, na ile sauti yake inayopanda juu kama inakata bati. Mwalimu Nyerere alimsikia akamwita Dar, baadaye akafundisha Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa, akazunguka dunia na ilimba ya kwao. Alifariki mwaka 2003. Ile ilimba hakuigundua yeye, aliikuta kwa wazee wake, vijiji vyetu vyote vilikuwa na wapigaji. Lakini muziki wa Kigogo ulipotoka nje ulitoka na mtu, ulitoka na jina na uso na ukoo, kwahiyo mzungu akisikia anauliza huyu ni nani, katoka wapi, ana ndugu? Na ndugu anao, binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanaitwa Zawose Queens, mwaka 2024 wametoa albamu yao wenyewe. Mlango ulifunguliwa kwa jina, na waliokuja nyuma wakapita mlango huohuo. Angeenda kule kama "muziki wa asili wa Afrika" hao watoto wangepita wapi?

Afu kuna upande wa pili. Ngonjera mnazijua? Nani hajasoma ngonjera shule ya msingi, umesimama mbele ya mgeni rasmi soksi moja imeshuka, mwenzako anasema ubeti we unajibu? Wote. Haya nani alizianzisha? Kimya. Niliuliza hivi hata kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanangu, kimya hivihivi. Mathias Mnyampala, jamani, Mgogo, mshairi, yule aliyeandika historia na mila za Wagogo kwa Kiswahili kitabu kikatoka mwaka 1954, akafariki mwaka 1969. Ngonjera zimesomwa nchi nzima, hamna kijiji zisikofika, na sisi watu wa kwao tumekaa hapa tunaangaliana. Kazi ilifika kila mahali, jina likashukia njiani kama abiria wa Gairo.

Wenzetu wachoraji wa Tingatinga walilielewa hili mapema. Edward Saidi Tingatinga alichora miaka michache tu, kaanza kama mwaka 1968 na mwaka 1972 kafariki, anatumia zile rangi za mafuta za kupakia nyumba na baiskeli, anachora kwenye vipande vya hardboard. Leo wachoraji wa staili ile ni wengi sana, lakini angalia kibao chochote, hata kile cha bei ya chini kabisa kilichoegemezwa ukutani na vumbi lake, kwenye kona utakuta mtu kaandika jina. Dogo tu, kona ya chini. Mchoraji wa kibao cha chui anasaini, mfinyanzi wa chungu kilichochukua wiki mbili hasaini. Kwanini? Mi nadhani ni kwa sababu chungu tumekizoea, tunakiona ni chombo cha jikoni, na chombo cha jikoni kakifanya mwanamke, na kazi ya mwanamke huwa tunaiona kama mvua, inanyesha tu yenyewe. Mtanisamehe kaka zangu, ndio ninavyoona.

Basi tukaamua kwenye mkeka wetu kila kitu kiwe na karatasi. Sio lebo ya maana, ni daftari la mtoto tunakata vipande, tunaandika kwa kalamu ya wino, tunafunga na uzi. Jina la aliyetengeneza, kijiji, kimechukua siku ngapi, na kitu kimoja chochote anachotaka yeye kisemwe. Hicho cha mwisho ndio utamu. Unampigia simu mama unamwambia mama tuandike nini kwenye chungu chako, anasema andika kisipikiwe dagaa. Tunaandika. Mwingine kwenye kigoda akasema andika mti huu uliangushwa na upepo sikuukata. Mwingine kasema andika nina wajukuu tisa. Haihusiani kabisa na ungo, ila tumeandika na ungo ulinunuliwa.

Sasa niwape ya kibuyu, maana hii ndio iliyonifanya nikubali kuja kuongea.

Kuna bibi mmoja wa huko Mvumi. Najua mnajiuliza huyu dada anahubiri majina afu bibi hamtaji, nimemuuliza, kaniambia jina langu likae kwenye kibuyu, kwenye masimu ya watu silitaki. Kwahiyo anayetaka kumjua aje mkekani amsome. Bibi huyu alituletea vibuyu vitano, vinne vipya, vimeng'arishwa kwa mafuta mpaka unajiona uso, vimewekwa shanga shingoni. Cha tano cha zamani, cheusi kwa moshi, kimepasuka ubavuni toka karibu na mdomo kushuka chini kama urefu wa kiganja, na ule mpasuko umeshonwa. Wale mliokulia vijijini mnajua kibuyu kinavyoshonwa, unatoboa vitundu huku na huku pembeni ya ufa, unapitisha uzi unavuta taratibu, ukivuta kwa hasira kinamalizia kupasuka. Mshono wenyewe ulikuwa umelala sawa kama mkia wa mjusi, vitundu vimepangana, mi nashona kwa cherehani miaka 19 sijawahi kunyoosha hivyo.

Mwenzetu mmoja kwenye kikundi akasema hicho tukiweke nyuma, kitatuharibia, watu watasema tunauza vibovu. Tukakiweka nyuma kweli, kule kwenye beseni la nyanya. Bibi alipokuja mwenyewe akaona, hakusema kitu, akainama akakitoa akakiweka mbele ya vile vipya.

Mchana ule amini usiamini, vile vinne vinavyong'aa watu walivipita kama vile ndoo za plastiki. Kila mtu anasimama kwenye kile cheusi. Kaka mmoja, mfanyakazi wa wizara mojawapo kule Mtumba nadhani, maana alivaa kitambulisho shingoni siku ya Jumamosi, akachuchumaa akauliza, "Hiki kimekuwaje?" Bibi akamwambia kilianguka siku ng'ombe wangu alipiga teke, nilikuwa nimebeba maziwa, maziwa yote yakaenda, nikakishona usiku huohuo kwa sababu sikuwa na kingine, na watoto wangu wanne wamekunywa humu baada ya hapo. Yule kaka akakaa chini kabisa na suruali yake ya kazi. Wakaongea kama nusu saa. Kumbe naye mama yake alikuwa na kibuyu cha kushonwa huko kwao Singida, kilitupwa walipohamia nyumba ya bati.

Akataka kununua. Bibi akakataa. "Hiki sikuleta kuuza, nimekileta kionekane."

Kwenye mkeka wetu hatukuwahi kufikiria hilo, kwamba mtu anaweza kuleta kitu kionekane tu. Sisi akili zetu zote bei, bei, bei. Tokea siku hiyo tuna kona ya vitu visivyouzwa na ndio kona inayojaa kuliko zote, na ukitaka ukweli wa kibiashara, watu wakishakaa kwenye kona hiyo wakasikia stori ndio wanarudi kununua vile vinavyouzwa, hata kupunguziwa bei hawaombi sana. Yule kaka alinunua vibuyu viwili.

Kuhusu bei kwa kweli sina mengi. Nitasema tu tusione aibu kuandika siku. Mteja akija na lile neno lao, "dada si nyasi tu hizi?", mi siku hizi sibishani. Namwambia karibu ukae. Nampa shazia, ile sindano kubwa, na kitako cha kikapu kilichoanzwa, kile kifundo kama kitovu ambacho unakizungushia nyasi huku unashona kila mzunguko na wa chini yake. Namwambia jaribu mizunguko miwili tu. Jamani mngeona nyuso. Jasho. Nyasi zinamtoka, uzi unalegea, kidole kinachomwa. Dakika 20 kapata upana wa kucha. Hapo unamwonyesha kikapu kizima unamwambia hiki ni elfu 35, anatoa pochi mwenyewe bila neno. Na mara mojamoja anatokea mtu ana mkono, anashona vizuri kabisa, huyo hatumwachi, tumeshapata wanachama wawili kwa njia hiyo, mmoja ni dereva bajaji.

Tumefeli pia, msidhani ni raha tupu. Mara ya kwanza kabisa tulifanya mwezi wa nane, sijui nani alitushauri. Upepo wa Dodoma mwezi wa nane mnaujua wenyewe, vumbi lilikuja kama limetumwa, turubai likaruka, vyungu vitatu vikavunjika, watu waliofika ni wanne na mmoja wao alikuwa anaulizia choo. Tukajifunza, vyungu vinakaa chini sio mezani, karatasi zinafungwa na uzi sio kuwekewa jiwe. Tukajifunza na msimu, Bunge la bajeti Aprili mpaka Juni mji unajaa wageni, na toka treni ya mwendokasi ianze kufika hapa mwaka 2024 kuna watu wanakuja toka Dar wanalala siku moja wanageuza, wanataka kubeba kitu cha Dodoma mkononi na wakikosa wanaishia kubeba ubuyu na karanga. Sio kwamba ubuyu ni mbaya. Ila wenzangu, ofisi ya mtaa mpitie kwanza kabla hamjatandika, msije mkaondolewa na mgambo afu mkasema mi ndio niliwadanganya.

Mikopo ya halmashauri ile asilimia 10 nadhani wengi mnaijua, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, afisa maendeleo yupo hapa mkamsumbue yeye. Na mambo ya hakimiliki COSOTA ndio wenyewe, sheria yake ni ya mwaka 1999 na imegusa mpaka sanaa za jadi, mkapate maelezo kwao, mi nikieleza ntachanganya.

Kilichobaki ni kigumu kidogo na naomba vijana wenye simu mnisikilize. Sio kila kitu ni cha kutolewa nje.

Mwaka jana kijana mmoja wa kwetu, mtoto mzuri tu, anajua kupiga picha, alienda kijijini akarekodi nyimbo za makumbi. Wazee mnanielewa, zile nyimbo za jando zina mahali pake na watu wake. Akaziweka mtandaoni, moyo wake safi kabisa, anataka utamaduni wetu ujulikane. Zikasambaa siku mbili. Wazee waliumia, yani walinyamaza, na mzee wa Kigogo akinyamaza we jua umeharibu. Kijana akazitoa, akaenda kuomba radhi, yakaisha, lakini mi niliona kitu. Yeye alichukua ngoma za muheme na msunyunho na nyimbo za makumbi akaviona vyote ni kapu moja, "ngoma za asili". Muheme wa wamama utaukuta pale Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Kigogo, umati umekaa, wamama wamebana ngoma katikati ya mapaja wanapiga mpaka kifua chako kinaitikia, wao wenyewe wanataka uonekane. Huo rekodi, sambaza, ila andika kikundi gani, kijiji gani, na nani anaongoza wimbo. Ya ndani uliza kwanza, na ukiambiwa hapana, hapana ni jibu.

Hata kule Kolo ni hivyo. Mungomi sio makumbusho tu, watu bado wanapanda kwenda kufanya matambiko yao, na sisi watalii tunapanda na soda zetu. Yule mwongozaji alitusimamisha mahali fulani akasema hapa picha mnapiga, pale hapana, akaendelea kutembea bila kueleza. Mwanangu, nyie mnamjua sasa, akauliza kwanini. Akajibiwa, "Kwa sababu pana wenyewe." Akaridhika. Mkubwa mwenzangu mmoja hakuridhika, alinuna mpaka Kondoa mjini.

Naona kitambaa kimenyanyuka. Namalizia, na deni lako nalikumbuka.

Bibi wa kibuyu, wiki mbili baada ya ile siku alirudi. Yeye kusoma hajui, akamwomba mjukuu wake amsomee ile karatasi yake. Mtoto akasoma, jina, Mvumi, kimeshonwa usiku mmoja, kilipigwa teke na ng'ombe. Bibi akasikiliza, akasema hapo pamekosewa. Tukashtuka, tukasema bibi si ndio ulivyotuambia? Akasema, "Mshono huu nilifundishwa na mama yangu. Mbona yeye hayumo?" Tukaongeza jina la mama yake. Akafikiri tena, akasema na mama alifundishwa na dada yake, yule aliyeolewa Hombolo. Tukaongeza. Mjukuu naye akadakia, bibi na mimi si nilikupangusia kibuyu jana? Akaongezwa.

Sasa hivi karatasi ni ndefu kuliko kibuyu chenyewe, inaburuta chini, tumeibandikia kipande cha kitenge kwa nyuma isichanike. Nimekuja nacho, kipo pale mlangoni juu ya kigoda. Mnaweza kukishika, bibi karuhusu, ila kwa mikono miwili. Chai ipo nje na maandazi, na shazia nne nimezileta, mkeka upo chini ya mti, anayesema ni nyasi tu aje tukae.